Alwin Mittasch: Mwalimu aliyekizuia chuma kushikamana

KATIKA kaunti za Kisii na Nyamira, ambako mashamba yamegawanywa kizazi baada ya kizazi hadi wengi wamebaki na vipande vidogo, mkulima wa majani chai wa Kiamokama au Kebirigo hutegemea mno mbolea ya nitrojeni. Ni wachache wanaomfahamu Mjerumani aliyewezesha mbolea hiyo kutengenezwa kwa wingi.

Alwin Mittasch alizaliwa Disemba 27, 1869 katika kijiji cha Großdehsa, jimbo la Saxony. Alisomea ualimu na kufunza shuleni kabla ya kuvutiwa na kemia jijini Leipzig. Mnamo 1904 aliajiriwa na kampuni ya BASF mjini Ludwigshafen.

Mwaka wa 1909 Fritz Haber alionyesha kwamba nitrojeni ya hewani yaweza kuunganishwa na hidrojeni ikawa amonia, ambayo ndiyo msingi wa mbolea hizo. Kichocheo alichotumia kilikuwa osmium, metali adimu mno. Carl Bosch akamkabidhi Mittasch jukumu la kutafuta kingine cha bei nafuu.

Chuma kilikuwa tele, ila hakikustahimili joto. Kichocheo hufanya kazi usoni mwake, na kadiri chembe zake zilivyo ndogo ndivyo uso huo unavyokuwa mpana. Aliyewahi kuchoma matofali anajua yanayotukia tanurini: udongo hauyeyuki, lakini chembe zake hushikamana na tofali likawa gumu. Kwa mjenzi hiyo ni baraka; kwa kichocheo ni mauti.

Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi, nao mtambo wa amonia huhitaji takriban 400 hadi 500 tu. Mtu angedhani pana nafasi ya kutosha. Kumbe, kwa kanuni ya kukadiria inayotumiwa na wanakemia, atomi za usoni mwa chuma huanza kuhama karibu nyuzi 270. Joto likizidi, mwendo nao huongezeka, chembe kubwa zikazimeza ndogo na kichocheo kikachoka. Joto likipunguzwa sana, amonia haitoki kwa kasi ya kufaa.

Mwishoni mwa 1909, madini ya chuma kutoka Gällivare, Uswidi, yalifanya vyema ajabu. Mittasch alishuku kwamba siri haikuwa katika chuma chenyewe bali katika vitu vilivyochanganyika nacho. Alikuwa sahihi. Alumina, ambayo huyeyuka baada ya nyuzi 2,000, hukaa katikati ya chembe za chuma kama mpaka kati ya mashamba ya ndugu wawili, kila moja ikabaki kwake. Potasiamu nayo huongeza nguvu ya chuma hicho.

Hakuridhika na bahati hiyo. Kikosi chake kilijaribu takriban vichocheo 2,500 katika majaribio yapatayo 6,500, kazi ya kuchosha ambayo pengine ni mwalimu tu angeivumilia. Kiwanda cha Oppau kilifunguliwa Septemba 1913. Vita vilipozuka mwaka uliofuata, amonia hiyo hiyo ikaishia katika baruti za Ujerumani.

Haber alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya 1918, Bosch akapata ya 1931. Mittasch hakuipata. Alistaafu 1932, akajishughulisha na falsafa, na kufariki jijini Heidelberg Juni 4, 1953. Viwanda vingi vya amonia duniani vingali vinatumia chuma kilichochanganywa na alumina na potasiamu.