Ronald Ngala: Mwalimu wa Kigiriama Aliyewapa Wakenya Majimbo Yasiyofika Miaka Miwili

Vijana wengi wa Kenya wanadhani Seneti na serikali za kaunti zilianza na katiba ya mwaka 2010. Wazee wa Pwani wanajua kwamba nchi ilishawahi kuwa na Seneti na mabunge ya mikoani, na kwamba aliyeyapigania hayo zaidi alikuwa Ronald Gideon Ngala.

Ngala alizaliwa mwaka 1923 katika eneo la Kaloleni, Kilifi, kwa Wagiriama. Alisoma Kaloleni, Shimo la Tewa, Alliance na hatimaye Makerere, akarudi kushika chaki na akawa mwalimu mkuu wa shule ya Buxton, Mombasa.

Machi 1957 Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wawakilishi wao wanane katika Baraza la Kutunga Sheria. Ngala akaingia kwa tiketi ya Pwani, pamoja na akina Tom Mboya, Oginga Odinga na Daniel arap Moi.

Mwaka 1960 wanasiasa hao waligawanyika. KANU ilikuwa na nguvu kwa Wakikuyu na Wajaluo. Makabila madogo, Mijikenda, Wakalenjin, Wamasai na baadhi ya Waluhya, yakaogopa kumezwa na hasa kupoteza ardhi, yakaunda KADU na Ngala akawa kiongozi wake.

Uchaguzi wa 1961 KANU ilipata viti 19 na KADU 11. KANU ikakataa kuunda serikali mpaka Jomo Kenyatta aachiwe huru. Ngala akakubali kuunda serikali akisaidiwa na walowezi wa kizungu wa kina Michael Blundell. Hapo alijitia doa ambalo hakulitoa tena, maana wapinzani wake walipata la kusema: majimbo ni hila ya wazungu. Kweli walowezi waliyapenda majimbo, lakini hofu ya Mgiriama kuhusu shamba lake haikuletwa na mzungu wa Nairobi.

Kwenye mkutano wa Lancaster House, London, mwaka 1962, Ngala alibana. KANU ilitaka serikali moja yenye nguvu, lakini ilitaka uhuru haraka zaidi, ikatia saini.

Katiba iliyoanza Juni 1, 1963 ilikuwa hivi. Waziri Mkuu, Kenyatta, alitoka bungeni na alitegemea imani ya wabunge. Juu yake alikuwapo Gavana, na baada ya uhuru Gavana Mkuu, kwa niaba ya Malkia. Bunge lilikuwa na nyumba mbili: Baraza la Wawakilishi, na Seneti ya watu 41, mmoja kwa kila wilaya na mmoja wa Nairobi, ili wilaya ndogo iwe sawa na kubwa. Chini yake yakawapo majimbo saba, kila moja na bunge lake na rais wake.

Kufuli kubwa ilikuwa kwenye kubadilisha katiba. Vifungu vya kawaida vilihitaji robo tatu ya kura za kila nyumba. Vile vilivyolinda majimbo na haki za raia vilihitaji asilimia 90 ya Seneti. Kwa hesabu hiyo maseneta watano tu wangeweza kuzuia kila kitu.

Ngala akawa Rais wa Jimbo la Pwani na papo hapo kiongozi wa upinzani bungeni Nairobi. Moi akawa Rais wa Jimbo la Bonde la Ufa.

Lakini msomaji, kufuli ilikuwa mlangoni na pesa zilikuwa Nairobi. Majimbo yalitegemea fedha za serikali kuu, nayo serikali kuu ikachelewesha fedha na kusita kuyakabidhi majukumu yake. Rais wa jimbo asiye na pesa ya barabara atawaambia nini watu wake? Wabunge wa KADU wakaanza kuvuka sakafu mmoja mmoja, na Kenyatta akatishia kuwaita wananchi kwenye kura ya maoni.

Novemba 10, 1964 Ngala alisimama bungeni akatangaza kwamba KADU imevunjwa na inajiunga na KANU. Wengine walimwita mzalendo, wengine walimwona ameuza Pwani. Mimi naona alikuwa ameshashindwa hesabu, akachagua kuingia ndani kabla ya kubaki peke yake nje.

Desemba 12, 1964 Kenya ikawa jamhuri na Kenyatta rais. Masharti magumu ya kubadilisha katiba yakalegezwa mwaka 1965, Seneti ikaunganishwa na nyumba ya pili, majimbo yakarudi kuwa mikoa chini ya wakuu wa mikoa walioteuliwa na rais. Neno lenyewe majimbo likachafuka zaidi miaka ya 1990 lilipohusishwa na mapigano ya kikabila.

Ngala aliingia baraza la mawaziri mwaka 1966 na akabaki humo mpaka mwisho. Desemba 1972 gari lake lilipata ajali katika barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, naye akafariki siku ya Krismasi. Dereva alieleza kwamba nyuki waliingia garini. Pwani hadi leo kuna wasiokubali maelezo hayo.

Alizikwa kwao Kilifi. Nairobi, jiji alilotaka ligawane madaraka, ikaita mtaa wake mmoja wenye shughuli nyingi kwa jina lake.