Joseph Lister, munganga aliyekataa kuzoea kifo cha watu wa kazi



Tunajua wote vile inapitaka. Jiwe linaanguka, ao mzigo unateleza, na muguu wa ndugu unavunjika mpaka mufupa unatoboa ngozi na kutokea inje. Tunamubeba, tunamufikisha ku lopitali, na bibi yake anauliza neno moja tu: watamukata? Mu sendika tumesikia ulizo hilo mara nyingi. Kuna ndugu mumoja tuliyefanya naye kazi miaka mingi. Jiwe halikumuua, na muguu wake ulivunjika mahali pamoja tu. Lakini walimufunga na kitambaa kichafu, akalala siku mbili ku nyumba juu gari la kumupeleka lilikosekana. Kidonda kikaoza. Leo anatembea na magongo. Hapana jiwe njo lilimukata muguu. Ni uchafu na kukawia.

Juu ya ile, leo tunawaelezea maisha ya mutu aliyeonyesha dunia nzima jambo hili, zaidi ya miaka 150 imepita. Jina lake Joseph Lister.

Alizaliwa siku ya 5 mwezi wa 4 mwaka 1827 ku Upton, karibu na London, mu inchi ya Uingereza. Baba yake alikuwa muuza divai, lakini saa za mapumziko alipenda kazi ya vioo. Alitengeneza mikroskopi, kile chombo cha kuonea vitu vidogo ambavyo macho hayawezi kuona, mpaka kikawa kizuri kuliko vile vya mbele. Kwa hiyo Joseph, tangu utoto, alizoea kuangalia vitu vidogo. Tukumbuke ile, itarudi mbele.

Alisoma unganga ku London, akamaliza mu mwaka 1852. Kisha akapanda kaskazini, ku Edinburgh mu Scotland, kwa munganga mukubwa wa kupasua, James Syme. Alikwenda kwa muda mufupi tu, lakini akabaki, na mu mwaka 1856 akaoa binti wa Syme, Agnes. Mungu hakuwapa watoto. Agnes akawa musaidizi wake: njo aliandika ndani ya madaftari matokeo ya kazi za bwana yake, miaka na miaka.

Mu mwaka 1860 wakamuita ku Glasgow kuwa profesere. Glasgow ya wakati ule sisi watu wa mugodi tungeitambua mara moja. Mugi wa moshi, wa kuyeyusha chuma, wa kutengeneza mashua, na migodi ya makaa ya mawe pembeni. Kila siku watu walioumia walifikishwa ku lopitali: wengine walipondwa na mashini, wengine waliangukiwa na mizigo.

Wakati ule dawa ya kulalisha mugonjwa ilishapatikana, tangu mwaka 1846. Munganga aliweza kukata na mutu hasikii maumivu. Lakini kisha kukata, watu walikuwa wanakufa paka vile. Mutu aliyevunjika muguu bila ngozi kupasuka alilala, akapona. Yule ambaye mufupa wake ulitokea inje, kidonda kilianza kunuka kisha siku chache, usaha unajaa, homa inapanda. Kama banganga wanataka kumuokoa, wanakata muguu mbio. Na kule kukata kenyewe kuliua. Lister alihesabu watu wake. Mu mwaka 1864 na mwaka 1866, mbele ya kutumia dawa yake kwa watu wa kukatwa, walikatwa watu 35, na 16 wakakufa. Karibu nusu.

Banganga wengi walishazoea. Walisema ni hewa mbaya ya lopitali, ao ni mapenzi ya Mungu. Walipasua wakivaa koti moja lililokauka damu ya miezi, na ile damu ilikuwa sifa kwao. Kisu kilipita toka mugonjwa huyu mpaka yule. Wengine walifikiri hata usaha ni dalili nzuri ya kupona.

Lister akajiuliza ulizo la mutu mwenye akili ya kazi: huyu na huyu wamevunjika mufupa namna moja. Kwa nini mumoja anapona na mwengine anaoza? Tofauti ni ngozi tu. Basi kile kinachoozesha hakitoke ndani ya mutu. Kinaingia toka inje.

Mu mwaka 1865 profesere wa kemia ku Glasgow, Thomas Anderson, alimuambia asome kazi ya Mufransa mumoja, Louis Pasteur. Pasteur hakuwa munganga. Alikuwa anachunguza kwa nini divai inaharibika, na akaonyesha kama ni viumbe vidogo sana, vile tunaita leo mikrobi, njo vinachachisha na kuozesha. Lister, mutoto wa muuza divai na mutengeneza mikroskopi, akaelewa mara moja. Kama mikrobi inaozesha divai, inaweza kuozesha nyama ya mutu.

Pasteur aliua mikrobi na moto. Lakini nani anaweza kuchemsha muguu wa mutu? Ilihitaji dawa. Lister alikuwa amesikia kama mu mugi wa Carlisle walitupa asidi feniki, dawa inayotoka ndani ya lami ya makaa ya mawe, katika maji machafu ya mugi ili yasinuke. Na ngombe waliokula majani mahali pale hawakushikwa tena na vidudu. Wazo likamuingia: kile kinachozuia maji machafu kunuka, kinaweza kuzuia kidonda kunuka.

Siku ya 12 mwezi wa 8 mwaka 1865, wakaleta mutoto wa miaka 11, James Greenlees. Gurudumu la gari lilipita juu ya muguu wake wa kushoto. Mufupa ulivunjika na ngozi ilitoboka. Desturi ilikuwa kungoja kuone kama itaoza, kisha kukata. Lister akasafisha kidonda na asidi feniki, akakifunika na kitambaa kilicholowa dawa ile, akatia mabao pembeni ili muguu usitikisike. Akangoja siku 4. Alipofungua, akanusa. Hakuna harufu ya kuoza. Ngozi ilikuwa nyekundu, lakini ni ukali wa dawa njo uliichoma. Akapunguza nguvu ya dawa na maji, kisha na mafuta, akaendelea. Kisha majuma 6 mifupa ilikuwa imeshikana. Mutoto akatoka ku lopitali na miguu yake miwili.

Hakukimbilia kujisifu. Alingoja, akatunza wengine. Kati yao alikuwa kijana wa miaka 21, mufanyakazi wa kuyeyusha chuma, mzigo muzito uliteleza toka kwenye munyororo na kuponda muguu wake. Naye akapona na muguu wake. Mu mwaka 1867 Lister akatangaza matokeo ya watu 11 waliovunjika mufupa kwa namna ile ya kutobolewa ngozi. Watu 9 walipona na viungo vyao, mumoja alikatwa, mumoja alikufa. Hakuficha yule aliyekatwa wala yule aliyekufa. Na kwa watu wa kukatwa, tangu mwaka 1867 hesabu ikawa hivi: watu 40, waliokufa 6. Toka karibu nusu mpaka 15 kwa mia.

Mutu angefikiri banganga wote wangeshangilia. Hapana. Wengine walisema asidi feniki si kitu kipya, ilishatumiwa Ufaransa. Ilikuwa kweli, na Lister hakusema ni yeye aliigundua. Alichokileta ni sababu ya kuitumia, na namna ya kuitumia kila siku bila kuchoka. Wengine walijaribu mara moja, tena ovyoovyo, kisha wakasema haifai. Wengine waliuliza: hao vidudu wako wapi, mbona hatuwaone?

Bakubwa wa lopitali nao walikasirika. Juu gani? Lister aliandika wazi kama vyumba vyake vya wagonjwa vilikuwa pembeni ya shimo walimozika watu wa kolera wa mwaka 1849, masanduku yao karibu kabisa na uso wa udongo. Wale bakubwa wakajibu kama, ikiwa wagonjwa wanapona sasa, ni juu ya hewa safi na chakula kizuri walicholeta wao. Wandugu, sisi tunajua lugha hiyo. Watu wanapokufa ni bahati mbaya, watu wanapopona ni kazi ya direksio.

Lakini mambo yanayoonekana hayafichike. Mu mugi wa Halle, Ujerumani, munganga Richard von Volkmann alikuwa karibu kufunga lopitali yake juu ya vidonda kuoza. Alipofuata njia ya Lister, watu wakaanza kupona. Mu mwaka 1869 Lister alikuwa amerudi Edinburgh, na mu mwaka 1871 alipasua jipu la Malkia Victoria mwenyewe. Mu mwaka 1877 akahamia London, kwa wale waliomuzarau zaidi. Mu mwezi wa 10 akafungua goti la mutu aliyevunjika mufupa wa juu ya goti, akaushona na waya wa feza. Wengi walifikiri ni kuua mutu, juu goti halikuwa limevunjika ngozi. Yule mutu akapona, akatembea.

Tuseme pia makosa yake. Miaka mingi Lister aliogopa sana mikrobi ya hewa, akawa anapuliza dawa kama ukungu mu chumba cha kupasulia. Ilichoma mikono na kuumiza pumzi za wasaidizi. Kisha akaona kama hatari kubwa inatoka ku mikono, ku visu na ku vitambaa. Mu mwaka 1890, ku Berlin, mbele ya banganga wa dunia, alisema wazi kama anajuta juu ya ule ukungu. Mukubwa anayekubali kosa lake mbele ya watu, tunaye mumoja ku kazi yetu? Heshima yake haikupungua. Mu mwaka 1892 alikwenda Paris kumusalimia Pasteur alipotimiza miaka 70, na wale wazee wawili wakakumbatiana mbele ya watu.

Agnes akakufa mu mwaka 1893, na Lister hakupona huzuni ile. Yeye mwenyewe alikufa siku ya 10 mwezi wa 2 mwaka 1912, mwaka mumoja tu kisha shaba ya kwanza kuyeyushwa ku Lubumbashi. Walitaka kumuzika ku Westminster pamoja na wakubwa wa inchi, lakini alikuwa ameagiza alale pembeni ya bibi yake. Wakafanya vile.

Leo asidi feniki haitumiwe tena kwa kidonda, na mutu asijaribu: ni sumu na inachoma nyama. Zilikuja dawa zingine nzuri zaidi, za kusafisha, za kuua mikrobi ndani ya damu, na chanjo ya tetanosi. Lakini sheria ya Lister haikubadilika. Kidonda kinahitaji usafi tangu saa ya kwanza. Ndugu akivunjika na mufupa kutokea, tusiurudishe ndani. Tusitie udongo, wala mafuta ya mashini, wala majivu. Tunaweka kitambaa safi juu. Kama damu inatoka, tunakandamiza pembeni ya mufupa, hapana juu yake. Tunafunga muguu na mabao usitikisike, na tunamufikisha kwa munganga leo, si kesho.

Na jambo moja la mwisho. Lister alishinda juu alihesabu. Wengine waliona wafu, yeye aliwaandika: wangapi, namna gani, kisha nini. Sisi tunazika, tunachanga bafranga ya kilio, tunasahau. Basi kila delege awe na kaye yake. Aandike siku, kidonda, saa ngapi zilipita mbele ya kufika kwa munganga, kama palikuwa maji na sabuni, na vile iliisha. Siku tutakapokaa mbele ya bakubwa wa kampani kuomba sanduku la dawa ku kila shimo na gari la wagonjwa usiku na mchana, tusifike na machozi tu. Tufike na hesabu.