Sikorsky: Aliyejifunza kupaa akiwa amefungwa kwa nyaya

Hebu tuseme umejinunulia helikopta ya rimoti. Si ile ya kuchezea ya watoto, ni ile yenye mapanga yanayobadilisha pembe. Jumapili unaenda nayo uwanjani, unasukuma stiki ya kushoto, nayo inaruka juu kama panzi. Unashtuka na kuivuta stiki chini yote kwa mpigo. Pwaa! Mapanga yamevunjika, na akiba yako ya miezi mitatu imeenda kwa sekunde mbili.

Kabla hujaiuza iliyobaki kama vipuri, kaa chini nikupe hadithi ya Igor Sikorsky. Jamaa huyu alihangaika na jambo hilo hilo, na ilimchukua miaka 30 kulishinda.

Sikorsky alizaliwa Mei 25, 1889, Kyiv, mji ambao wakati huo ulikuwa chini ya Urusi na leo ndio mji mkuu wa Ukraine. Mamake alimsimulia habari za Leonardo da Vinci na michoro yake ya mashine za kupaa. Alipofika miaka 12 hivi, kijana akaunda kihelikopta kinachoendeshwa na mpira uliosokotwa, na kikapaa. Basi akawa ameshikwa.

Mwaka wa 1909 alienda Paris, akanunua injini ya nguvu za farasi 25, akarudi nyumbani na kuunda helikopta ya kubeba mtu. Ilikataa kuinuka. Mwaka uliofuata akaunda ya pili. Hii ilijiinua yenyewe, lakini ukiongeza mtu, haitoki chini. Wewe ungefanyaje hapo? Yeye aliiweka ndoto kando, lakini hakuitupa. Akageukia ndege za kawaida, na kufikia 1913 alikuwa ameunda ndege ya injini nne.

Kisha mapinduzi ya Urusi yakaja, naye akatoroka. Alifika New York mwaka wa 1919 mfukoni hana kitu, akawa hasla tu kama wengine, akifundisha hesabu wahamiaji wenzake. Mwaka wa 1923 alianzisha kampuni ya ndege Long Island, kwenye shamba la kuku la rafiki yake. Mwanamuziki Sergei Rachmaninoff, naye mhamiaji kutoka Urusi, alimpiga jeki kwa dola 5,000. Ndege zake za kutua majini zikampa jina.

Ile helikopta, je? Haikutoka kichwani. Na hapa turudi kwenye stiki yako ya kushoto.

Rubani wa helikopta kubwa ana mpini kando ya mkono wa kushoto, unaofanana na handibreki ya gari. Akiuinua, mapanga yote ya juu yanaongeza pembe kwa pamoja, yanauma hewa zaidi, na helikopta inapanda. Lakini mapanga yakiuma hewa yanakuwa mazito kuzungusha, kwa hivyo injini inahitaji nguvu zaidi. Injini ikiongeza nguvu, mwili wa helikopta unataka kuzunguka upande mwingine, kwa hivyo mkia lazima uuzuie. Unaona? Unagusa kitu kimoja, vitatu vinabadilika. Kwenye rimoti yako, kompyuta ndogo inakusaidia kulinganisha injini na mapanga, na kifaa kingine kinatuliza mkia. Sikorsky hakuwa na msaada huo.

Septemba 14, 1939, huko Stratford, Connecticut, mzee wa miaka 50 alipanda mashine yake, VS-300, na kuiendesha mwenyewe. Nani mwingine angemfunza, na karibu hakukuwa na aliyejua? Helikopta ilikuwa imefungwa kwa nyaya zenye vizito ili isimtoroke. Iliinuka kwa sekunde chache tu, ikashuka. Kazi ya siku ikawa hiyo. Akarudia na kurudia, akibadilisha mkia na mitambo. Desemba, upepo uliipindua na kuiharibu. Akaiunda upya.

Mei 13, 1940, ndipo alipopaa bila kufungwa. Mei 6, 1941, alikaa hewani zaidi ya saa moja na nusu, rekodi ya dunia kwa helikopta wakati huo.

Matunda yake hayakuwa ya kujionyesha. Aprili 1944, helikopta yake aina ya R-4 ilitumwa msituni Burma, nchi ambayo miezi michache baadaye babu zetu wa KAR walienda kupigana. Rubani mmoja wa Marekani na wanajeshi watatu wa Uingereza waliojeruhiwa walikuwa wamekwama nyuma ya adui. R-4 ilikuwa na nafasi ya abiria mmoja tu, kwa hivyo walitolewa mmoja mmoja hadi wote wanne wakatoka hai.

Sikorsky alifariki Oktoba 26, 1972, akiwa na miaka 83.

Sasa rudi uwanjani, lakini nenda kama yeye. Funga vile vijiti viwili vilivyopishana chini ya helikopta, vyenye mipira mwishoni, ili isipinduke kirahisi. Inua kidogo tu, pima, shusha. Ukiogopa, usivute stiki chini yote, kwa sababu mapanga ya aina hii yanaweza kugeuza pembe na kuisukuma helikopta ardhini kwa nguvu. Punguza polepole, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia.

Sekunde tano leo, kumi kesho. Haina aibu. Fundi mkuu mwenyewe alianza na sekunde chache, tena amefungwa kwa nyaya.