Booker T. Washington: Shule, Jembe na Kura

Booker alizaliwa mwaka 1856 katika jimbo la Virginia, kusini mwa Marekani. Alizaliwa mtumwa. Mama yake, Jane, alikuwa mpishi wa bwana shamba. Baba yake alikuwa Mzungu, na Booker hakumjua kamwe. Mama na watoto walilala juu ya matambara katika kibanda cha sakafu ya udongo. Siku zile sheria za majimbo kadhaa ya kusini zilikataza watumwa kufundishwa kusoma. Booker alimbebea vitabu binti wa bwana wake mpaka shuleni. Yeye aliishia mlangoni.

Mwaka 1865 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikwisha, na watumwa wakawa huru. Jane aliwachukua watoto wake akamfuata mumewe Malden, katika jimbo la West Virginia. Huko watu walichemsha maji ya chumvi katika matanuri makubwa. Baba wa kambo alipakia chumvi katika mapipa, na kila jioni msimamizi aliandika namba 18 juu ya mapipa yake. Basi kitu cha kwanza Booker alichoweza kusoma hakikuwa A wala B. Kilikuwa 18.

Kisha mama yake, ambaye mwenyewe hakujua kusoma, akamtafutia kitabu cha herufi. Shule ya watu weusi ilipofunguliwa Malden, watoto walikwenda mchana na wazee walikwenda usiku. Wazee wengi walitaka jambo moja tu, kuweza kusoma Biblia kabla ya kufa. Booker naye alisoma usiku, maana mchana baba yake wa kambo alimtaka kazini. Baadaye alipewa ruhusa ya kwenda mchana, lakini kwanza afanye kazi mpaka saa tatu asubuhi. Shule nayo ilianza saa tatu! Kijana akapata hila. Kila asubuhi alisogeza mshale wa saa ya ofisini kutoka saa mbili na nusu hadi saa tatu. Msimamizi alipogundua, akaifungia saa hiyo ndani ya sanduku.

Shuleni mwalimu aliita majina, na kila mtoto alikuwa na majina mawili. Booker alikuwa na moja tu. Zamu yake ilipofika alijipa la pili papo hapo: Washington.

Mwaka 1872 aliondoka kwenda shule ya Hampton, ambako maskini aliweza kulipia masomo kwa kufanya kazi. Safari ilikuwa ya kilometa 800 hivi. Fedha zilimwishia njiani, akalala usiku chini ya njia ya mbao kando ya barabara mjini Richmond, na mchana akapakua mizigo ya meli ili apate chakula. Alifika Hampton mchafu, amechakaa. Mwalimu alimwangalia, akampa ufagio asafishe chumba kimoja. Booker alifagia mara tatu, akafuta vumbi mara nne. Mwalimu akapitisha leso yake juu ya meza na kuta, haikuchafuka. Huo ndio ulikuwa mtihani wake wa kuingia shule.

Sasa tufike Tuskegee, katika jimbo la Alabama. Mwaka 1880 Mzungu mmoja aliyegombea ubunge wa jimbo alihitaji kura za watu weusi. Alikwenda kwa Lewis Adams, fundi bati aliyewahi kuwa mtumwa. Adams alimtaka awaletee watu wake shule. Kura zikapigwa, yule mgombea akashinda, na jimbo likatoa dola 2,000 kwa mwaka za kulipa walimu. Msomaji akumbuke hapa: shule hiyo ilizaliwa na kura.

Booker aliitwa kuiongoza. Aliifungua tarehe 4 Julai 1881, akiwa na wanafunzi 30 katika kibanda kibovu ambacho mvua ilipita juu ya vichwa vyao. Baadaye walinunua shamba lililoachwa, ekari 100, kwa dola 500. Wanafunzi walilima, wakajenga, wakafyatua matofali. Tanuri la kwanza liliharibika, na la pili, na la tatu. Booker akaweka rehani saa yake kwa dola 15 ili wajaribu la nne. Safari hii matofali yaliiva. Hata Wazungu wa mji ule walikuja kununua.

Shule ilikua, na jina lake likakua nayo. Mwaka 1895 alihutubia umati mkubwa mjini Atlanta. Aliwashauri watu weusi waanzie chini, washike ufundi, kilimo na biashara, na wasiweke mbele madai ya haki za siasa kwa wakati ule. Matajiri Wazungu walifurahi, wakatoa fedha. Lakini mwaka 1903 msomi mweusi, W. E. B. Du Bois, alimpinga kwa maandishi. Du Bois aliona kwamba mtu asiye na kura hawezi kulinda shamba lake wala shule ya watoto wake, na kwamba watu weusi walihitaji pia elimu ya juu.

Mambo ya Alabama yalimpa Du Bois hoja. Katiba mpya ya jimbo ya mwaka 1901 ilidai mpiga kura ajue kusoma na kuandika, au awe na mali, na alipe kodi ya kura. Aliyeamua nani amefaulu kusoma alikuwa mwandikishaji Mzungu. Wanaume weusi wenye umri wa kupiga kura walizidi 180,000. Muda mfupi baadaye walioandikishwa walikuwa 3,000 hivi.

Booker hakusema mengi hadharani. Kwa siri, hata hivyo, alitoa fedha za kumlipa wakili wa Jackson Giles, mtu mweusi aliyewashtaki waandikishaji wa Alabama kwa kunyimwa kura. Giles alishindwa katika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1903. Je, siri hiyo ilikuwa busara au woga? Mimi naona ilikuwa yote mawili.

Booker alifariki Tuskegee tarehe 14 Novemba 1915. Mwaka 1924 tume ya elimu iliyosifu mfano wa Hampton na Tuskegee ilizuru Afrika Mashariki. Mmoja wao alikuwa Dr. Aggrey wa Gold Coast, nchi iitwayo leo Ghana. Mwaka uliofuata chuo cha walimu cha namna hiyo kilifunguliwa Kabete, Kenya. Wazazi wengi wa Kiafrika walishuku jembe hilo. Waliona watoto wa Wazungu wanapewa vitabu.

Huko Marekani mabishano hayajaisha. Sheria ya mwaka 1965 ilisimamisha mitihani ya kusoma kwa wapiga kura katika majimbo kama Alabama. Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliipunguzia sheria hiyo nguvu, katika kesi iliyoletwa na wilaya moja ya Alabama. Mwaka 2024 Alabama ilitunga sheria ya kuwawekea walimu mipaka katika kufundisha mambo ya rangi.

Tuskegee sasa ni chuo kikuu. Katika uwanja wake kuna sanamu iliyowekwa mwaka 1922. Booker amesimama, anamfunua shuka mtu aliyekuwa mtumwa. Mtu huyo ameketi juu ya jembe la kukokotwa na fuawe, na juu ya goti lake kuna kitabu kilichofunguliwa.