Kasri Lililojengwa Wakati wa Njaa

Umaid Singh alipotawazwa mwaka wa 1918 alikuwa kijana wa miaka 15, naye alirithi ufalme wa Jodhpur, ulio ukingoni mwa jangwa la Thar nchini India. Ukame haukuwa mgeni huko. Husimuliwa kwamba mtawa mmoja, aliyeondolewa mlimani mwaka wa 1459 ili Rao Jodha ajenge ngome ya Mehrangarh, aliiapiza nchi hiyo ikose maji. Hadithi ni hadithi, lakini katika miaka ya 1920 mvua zilikatika kwelikweli na wakulima wakafikwa na njaa.

Maharaja angaliweza kuwagawia chakula. Badala yake, mnamo Novemba 1929 aliweka jiwe la msingi la kasri jipya juu ya kilima cha Chittar, akaajiri watu kati ya 2,000 na 3,000, na kazi ikaendelea hadi mwaka wa 1943. Msanifu wake, Mwingereza Henry Lanchester, alibuni jumba la vyumba 347 lenye kuba kubwa katikati, na kuta za mawe ya mchanga yaliyochongwa yakashikana bila chokaa. Reli ilitandikwa makusudi kuyaleta mawe hayo kutoka machimboni. Samani zilizoagizwa London zilizama baharini wakati wa vita, na Stefan Norblin, mchoraji mkimbizi kutoka Poland, ndiye aliyevipamba vyumba.

Wanaomsifu hushikilia kuwa mtu mwenye staha hupenda ujira kuliko sadaka. Hilo nalikubali: mpasua mawe alirudi kwake na chakula alichokitolea jasho. Lakini kwa nini kasri, na hali kilichopungua ni maji? Jasho la miaka 14 lilimpa mfalme nyumba. Mkulima aliachiwa shamba lile lile kavu.

Nadhani swali hilo lilimsumbua mwenyewe pia, kwani mwaka wa 1946 alianzisha ujenzi wa bwawa katika mto Jawai. Hakuliona likijaa. Aliaga dunia Juni 1947 kwa maradhi ya kidole tumbo, akiwa na miaka 43, baada ya kulikalia kasri lake miaka minne tu; miezi miwili baadaye Uingereza iliondoka India.

Leo sehemu ya kasri ni hoteli ya matajiri, sehemu ni makumbusho, na jamaa ya mfalme huishi katika iliyosalia. Bwawa lilikamilika mwaka wa 1957, na watu wa Pali wangali wakinywa maji yake.