Lord Kelvin na Joto Lililo Chini ya Miguu Yetu

Tunaosoma uhandisi tunaandika herufi K baada ya namba kila wiki, wala hatuulizi imetoka kwa nani. Imetoka kwa William Thomson, aliyezaliwa Belfast mwaka 1824, ambaye dunia ilikuja kumjua kama Lord Kelvin. Mimi nimemfuatilia kwa sababu ya kwetu. Mbinga juu, mwezi Juni na Julai, watu wanaingiza jiko la mkaa ndani, na moshi wake usioonekana unaweza kuua waliolala. Ukiteremka hadi Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, unatafuta feni.

Baba yake alikuwa mwalimu wa hisabati, na mama alifariki William akiwa na miaka 6. Familia ilihamia Glasgow baba alipopata uprofesa, na mtoto akaanza kuhudhuria chuo kikuu akiwa na miaka 10. Baadaye alikwenda Cambridge, na mwaka 1846, akiwa na miaka 22, akarudi Glasgow kuwa profesa. Alifundisha pale miaka 53.

Mwaka 1848 alipendekeza kipimo cha joto kinachoanzia kwenye baridi ya mwisho kabisa. Mwaka 1852 akatoa wazo ninalolipenda zaidi: kwamba mashine ile ile inaweza kupasha nyumba joto au kuipoza. Kwa hesabu alionyesha kuwa ukitumia nishati kuhamisha joto, unapata joto jingi kuliko ukichoma kuni au makaa moja kwa moja. Gusa nyuma ya friji ya kantini, utaikuta ya moto. Yaani, lile joto limetolewa kwenye soda zilizomo ndani. Pampu ya joto inafanya kazi hiyo hiyo kwa nyumba nzima, na kwa uniti moja ya umeme inaweza kuleta uniti tatu au nne za joto.

Sasa joto litolewe wapi? Hapo Kelvin alitusaidia tena. Profesa James Forbes alikuwa amezika vipimajoto virefu ardhini, Edinburgh, na mwaka 1860 Kelvin akachambua takwimu zake. Ilionekana kuwa joto la kiangazi hushuka polepole mno: kwenye kina cha karibu mita 8 lilifika Januari, wakati juu ni baridi kali, tena likiwa limefifia. Kadiri unavyochimba, ndivyo udongo unavyokaribia wastani wa mwaka mzima. Ndiyo maana leo mabomba ya maji huzikwa ardhini: usiku wa baridi yanachota joto, mchana wa jua kali yanalirudisha.

Jamaa hakuwa malaika. Kwa hesabu za joto hizo hizo alisisitiza kuwa umri wa dunia ni makumi ya mamilioni ya miaka tu, kumbe ni bilioni 4.5. Utajiri na cheo alivipata kwenye waya wa telegrafu wa Bahari ya Atlantiki, uliofanikiwa mwaka 1866. Jina la Kelvin, alilopewa na ulodi mwaka 1892, ni la mto unaopita karibu na chuo chake. Alifariki Desemba 1907, akazikwa Westminster Abbey. Hataza ya kutumia udongo ilichukuliwa na Mswisi Heinrich Zoelly mwaka 1912, na mwaka 1938 ukumbi wa jiji la Zürich ukapashwa joto kwa maji ya mto.

Kuchimba ni ghali, na bila umeme wa uhakika pampu ni chuma tu. Lakini kabla ya pampu kulikuwa na vipimajoto vya Forbes. Wenzangu mnaotafuta mada ya mradi wa mwaka wa mwisho, zikeni vipimajoto viwili, kimoja Mbinga, kingine Mbamba Bay, mvisome mwaka mzima. Hiyo haihitaji mfadhili, inahitaji jembe na daftari.