Bob Marley, saratani na uchovu: tiba saidizi huenda pamoja na hospitali

Kama unatibiwa saratani, au unamuuguza mtu anayetibiwa, huenda tayari unaujua uchovu wake. Si ule wa kutoka shambani, ambao ukilala usiku unaamka mzima. Huu unalala nao na unaamka nao. Kuoga tu kunakumaliza, na mazungumzo ya dakika tano yanakufanya utafute pa kujiegemeza.

Wengi wakifika hapo husikia maneno ya aina moja kutoka kwa ndugu na majirani: dawa za hospitali ndizo zinazokumaliza, ziache, yupo mtu ana dawa yake. Ukurasa huu ni kwa ajili yako unayesikia maneno hayo. Tutapitia maisha ya Bob Marley, na njiani tutaeleza uchovu wa saratani ni nini, nini kinasaidia kuupunguza, na nini cha kuwa nacho makini.

Kijana wa Nine Mile

Robert Nesta Marley alizaliwa tarehe 6 Februari 1945 katika kijiji cha Nine Mile nchini Jamaika. Mama yake, Cedella, alikuwa msichana mweusi wa hapo kijijini. Baba yake, Norval, alikuwa Mjamaika mzungu aliyemzidi mkewe umri kwa mbali, na hakukaa kumlea mtoto. Bob alipokuwa mvulana, mama yake alihamia naye Kingston, wakaishi Trench Town, mtaa wa watu wa kipato cha chini.

Mwaka 1963 yeye na wenzake, wakiwemo Peter Tosh na Bunny Wailer, walianzisha kundi la Wailers. Mwaka 1966 alimwoa Rita. Baadaye akashika imani ya Rastafari.

Tuangalie mtindo wake wa maisha, maana unatuhusu. Bob alipenda mpira wa miguu karibu sawa na muziki. Alikimbia mara kwa mara, na alifuata ulaji wa Kirasta wa vyakula vya asili visivyotoka kiwandani. Hata hivyo alipata saratani. Basi ukijiuliza usiku ulikosea nini mpaka ukaugua, jua kwamba saratani humpata hata mtu mwenye mwili wa mazoezi. Usiubebe ugonjwa kama adhabu.

Ukucha wa kidole gumba

Tarehe 3 Desemba 1976 watu wenye silaha walivamia nyumba yake Kingston wakampiga risasi. Alinusurika, na siku mbili baadaye akapanda jukwaani. Kisha akaondoka Jamaika akaishi London kwa muda.

Mwaka 1977, akicheza mpira jijini Paris, aliumia kidole gumba cha mguu wa kulia. Kidonda hakikupona kama kilivyotarajiwa. Madaktari walipochunguza, walikuta melanoma chini ya ukucha, yaani aina ya saratani ya ngozi.

Mpira haukumletea saratani. Kuumia kulifanya ionekane tu. Melanoma ya namna hii hutokea kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, wala haitokani na jua. Kwa watu weusi ndiyo aina ya melanoma inayoonekana zaidi. Ukiona mstari mweusi kwenye ukucha unaozidi kupanuka, au doa au kidonda kwenye unyayo kisichopona, usikipake dawa kwa miezi. Nenda kituo cha afya wakione.

Madaktari walimshauri Bob akatwe kidole. Alikataa. Sababu zinazotajwa mara nyingi ni imani yake kuhusu kuuacha mwili mzima, na hofu ya kutoweza tena kucheza mpira na kucheza jukwaani. Alikubali upasuaji mdogo zaidi uliofanyika Miami: waliondoa ukucha na nyama ya chini yake, wakapandikiza ngozi.

Si haki kusema alikataa hospitali, maana alichagua sehemu ya ushauri. Na hakuna anayeweza kuapa kwamba kukatwa kidole kungemwokoa. Ila upasuaji wa kuitoa saratani yote mapema ulikuwa ndiyo nafasi yake bora.

Miaka 3 ya kazi

Alirudi kazini kwa nguvu. Tarehe 22 Aprili 1978, kwenye tamasha la amani Kingston, aliwashikanisha mikono viongozi wawili wa kisiasa waliokuwa mahasimu, Michael Manley na Edward Seaga. Mwaka huohuo alifika Ethiopia. Aprili 1980 alipiga muziki katika uwanja wa Rufaro, kwenye sherehe za uhuru wa Zimbabwe, kisha akazunguka Ulaya kwa maonyesho mengi mfululizo.

Septemba 1980 alikuwa New York. Alionekana amechoka. Tarehe 21, akikimbia na marafiki katika bustani ya Central Park, alianguka. Vipimo vilionyesha saratani imeenea hadi kwenye ubongo. Siku mbili baadaye alipiga muziki Pittsburgh, na hilo likawa onyesho lake la mwisho.

Uchovu mpya ni wa kuripoti

Mtu mwenye kazi nyingi akichoka, kila mtu anasema ni kazi. Mtu anayetibiwa saratani akichoka, kila mtu anasema ni dawa. Mara nyingi ni kweli. Baada ya tibakemikali, uchovu huwa mkali siku chache za mwanzo za kila mzunguko, kisha hupungua. Kwa mionzi hujijenga polepole wiki hadi wiki, ukawa mkubwa kuelekea mwisho wa matibabu.

Lakini uchovu unaweza kuwa na sababu nyingine inayotibika: upungufu wa damu, maambukizi, maumivu yanayokunyima usingizi, kutokula vya kutosha, tezi ya shingo kutofanya kazi vizuri, au sonona. Ndiyo maana hatua ya kwanza si kutafuta mmea. Mwambie muuguzi au daktari wako, na umpe mifano: jana niliweza kufika sokoni, leo sifiki mlangoni. Maelezo ya hivyo yanamsaidia kujua apime nini.

Nenda hospitali siku hiyohiyo kama una homa ya nyuzi 38 au zaidi, unapumua kwa shida, unatokwa damu, umechanganyikiwa, au umeanguka na kupoteza fahamu. Usisubiri tarehe ya kliniki.

New York, kisha Bavaria

Bob alipata matibabu ya mionzi New York. Nywele zikaanza kutoka, na rasta alizozifuga kwa miaka na kwa imani zikakatwa. Kama nywele zako zimetoka, unajua kwamba hilo si jambo dogo.

Novemba 1980 alisafiri hadi Rottach-Egern, mji mdogo wa Bavaria, Ujerumani, kwenye kliniki ya daktari Josef Issels. Issels alitumia lishe kali pamoja na njia nyingine alizosema zinaamsha kinga ya mwili. Njia zake hazikuwa zimethibitishwa kutibu saratani. Bob alikaa huko majira yote ya baridi, akizidi kukonda. Aliadhimisha miaka 36 akiwa huko tarehe 6 Februari 1981.

Mwezi Mei ilionekana wazi kwamba hakuna kilichobaki kufanywa. Akaanza safari ya kurudi Jamaika, lakini hali ikawa mbaya njiani. Alifariki Miami tarehe 11 Mei 1981. Tarehe 21 Mei Jamaika ilimfanyia mazishi ya kitaifa, akazikwa Nine Mile, kijiji alichozaliwa.

Tuseme ukweli wote. Mwaka 1980 melanoma iliyofika kwenye ubongo haikuwa na tiba ya kuiponya, si New York wala Bavaria. Kwa hiyo hatumlaumu Bob kwa kutafuta tumaini, na wewe usimcheke jirani anayelitafuta. Lakini miezi ile ya mwisho aliitumia mbali na nyumbani, kwenye baridi, akifuata masharti ambayo hayakumpa nafuu aliyoifuata. Leo kuna huduma ya tiba shufaa, inayoshughulikia maumivu, uchovu na hofu, hata wakati mtu bado anatibiwa saratani. Iulizie mapema kwenye hospitali unayotibiwa.

Pamoja, au badala?

Tiba mbadala ni ile inayokutaka uache matibabu ya hospitali uifuate yenyewe. Tiba saidizi haidai kuponya saratani. Inakwenda pamoja na matibabu ili uyavumilie na uishi vizuri zaidi. Kitu kilekile kinaweza kuwa hili au lile: yoga inayokupa nguvu ya kwenda kwenye mionzi ni saidizi, na yoga unayoambiwa itaondoa uvimbe bila mionzi ni mbadala.

Hizi ndizo zinazosaidia kupunguza uchovu:

*Mazoezi mepesi.* Haya ndiyo yenye ushahidi mkubwa kuliko yote, ingawa mtu aliyechoka huona kama anataniwa. Anza na dakika 5 au 10 za kutembea uani, kila siku, saa unayojisikia vizuri. Lengo la baadaye linaweza kuwa dakika 30, mara 3 kwa wiki, za mwendo unaokuruhusu kuongea lakini si kuimba. Kama saratani imefika kwenye mifupa, au damu yako iko chini, zungumza kwanza na daktari. Siku ya homa, pumzika.

*Taichi na yoga.* Taichi ni mazoezi ya Kichina ya mwendo wa taratibu unaoendana na pumzi. Yoga laini ni kunyoosha viungo na kupumua. Zote unaweza kuzifanya ukiwa umekaa kwenye kiti.

*Kutuliza akili.* Kaa mahali patulivu, fuatilia pumzi ikiingia na kutoka, na mawazo yakikuchukua, rudi kwenye pumzi bila kujigombeza. Dakika 10 zinatosha kuanzia. Wengine hupata utulivu huo kwenye sala au muziki, na hakuna ubaya.

*Ushauri nasaha.* Mshauri mwenye mafunzo anaweza kukusaidia kubadili mawazo na mazoea yanayozidisha uchovu, kama kulala mchana kutwa kisha kukesha usiku.

*Kukandwa na sindano za Kichina.* Baadhi ya wagonjwa hupata nafuu kwa kukandwa taratibu, kubonyezwa sehemu maalumu za mwili, au kuchomwa sindano nyembamba na mtaalamu. Usikandwe juu ya uvimbe, juu ya ngozi iliyopigwa mionzi, wala mguu uliovimba upande mmoja, maana huenda una damu iliyoganda. Kama chembe za kugandisha damu au kinga yako viko chini, sindano na kukandwa kwa nguvu visubiri ruhusa ya daktari.

Vya kunywa na kumeza

Hapa ndipo penye hatari kubwa, kwa sababu kitu kinaitwa cha asili, na watu wanadhani cha asili hakidhuru. Dawa nyingi za saratani huvunjwavunjwa na ini. Mitishamba mingine hufanya dawa ivunjwe haraka, isifanye kazi. Mingine huifanya ikae mwilini mpaka iwe sumu. Hata balungi, tunda la kawaida, huingiliana na baadhi ya dawa za saratani. Vidonge vya virutubisho vya kiwango kikubwa pia vina hatari zake.

Masharti makali ya chakula nayo yanamwondolea nguvu mtu ambaye tayari anakonda. Mwili unaotibiwa unahitaji maharage, mayai, samaki, uji wenye lishe, matunda. Kama huwezi sahani nzima, kula kidogo kidogo mara nyingi.

Kabla hujatumia chochote, uliza maswali haya 4:

1. Je, naambiwa niache matibabu ya hospitali?
2. Je, ninaahidiwa kupona kabisa?
3. Je, naweza kuambiwa kilichomo ndani?
4. Je, gharama yake itanikosesha nauli ya kliniki au chakula?

Jibu la ndiyo kwa la 1, la 2 au la 4, au hapana kwa la 3, linatosha kukusimamisha.

Shangazi akileta chupa

Huwa nakuta chupa hizi ninapotembelea wagonjwa majumbani, mara nyingine zimefichwa chini ya kitanda nisizione. Usizifiche. Shangazi aliyeileta amesafiri kwa upendo, na huna haja ya kugombana naye. Mpokee, mshukuru, mwambie utamwonyesha muuguzi kwanza kwa kuwa una dawa nyingine mwilini. Kisha ije kweli kliniki, pamoja na vidonge vyote unavyomeza, kwenye mfuko mmoja. Ukishakunywa tayari, sema pia. Kazi yetu ni kukulinda, si kukufokea.

Na kama shangazi anataka kukusaidia, mpe kazi inayofaa. Aje jioni mtembee naye mpaka kwenye mwembe na kurudi, kisha akuandalie uji. Kesho yake aende nawe kliniki.